Wapiga picha wa makala Mombasa: waanza na mikoko, waishia ukumbi wa harusi. Kwa nini?

#1 LenziYaTudor
Hamjambo wanabaraza.

Leo nataka tuzungumze picha za makala. Si zile za gazeti la leo na kesho. Nasema zile ambazo mtu huliganda jambo moja miaka: mikoko inavyokatwa hori ya Tudor, ule mkono wa bahari, jaa la Mwakirunge, wavuvi wanaorudi na ndoo tupu, visima vinavyogeuka chumvi.

Nimetembea na kamera shingoni mji huu muda wa kutosha kuona mchezo mmoja ukirudiwa. Kijana anaibuka, ana jicho kweli. Anapiga jaa, anapiga waokota chupa, picha zasambaa, anaalikwa Nairobi, anapigiwa makofi. Ukimtafuta baadaye yuko ukumbini na taa mbili, anamwambia bwana harusi ainue kidevu.

Sizidharau harusi, hata mimi zanilisha. Nauliza tu ile kazi ya kwanza hupotelea wapi. Dai langu, na najua litawachoma wengine: si pesa. Ni uvivu wa kurudi. Mtu akishapata picha moja kali ya jaa, hakanyagi tena. Na kazi hii yote ni kurudi palepale mpaka watu wa pale wachoke kukushangaa.

Haya, mawe yaje.

#2 MpambeWaBondeni
La kwanza hili hapa.

Ati uvivu! Mimi ni mmoja wa hao unaowasema. Niliwafuata kina mama karanga, wale wakaanga samaki, tangu wanapogombania samaki alfajiri mpaka mafuta yanapochemka jioni. Kazi ile naipenda kuliko zote nilizofanya. Sasa nikueleze kilichonitoa.

Harusi za kwetu, usiku wa kupamba, mwanamume haingii. Simu zakusanywa mlangoni, zatiwa mfukoni kila moja na nambari yake. Mpiga picha awe mwanamke, msaidizi wake mwanamke, na wa kuzisafisha picha kwenye kompyuta awe mwanamke pia. Wengine wataka memori kadi waondoke nayo usiku uleule. Kwa hivyo mwanamke mwenye kamera Mombasa hii, kuanzia Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, hana jioni yake. Na nusu ya pesa yaingia M-Pesa kabla sijafungua mkoba.

Weka hapo kazi ya shirika. Nilifanya moja ya mazingira, nauli yangu, chakula changu, na malipo yakaja baada ya kumpigia mhasibu simu mpaka akawajua wanangu kwa majina. Mwenye nyumba wangu hapokei makofi ya Nairobi.

#3 KayoleYote
Wasee wa Pwani, hata huku Nairobi ni hivyohivyo. Lakini nyinyi mna mfano wenu nyumbani, Mohamed Amin, yule mpiga picha wa habari. Mtu wa Mombasa, alifia kazini Ethiopia kwa bomu. Huyo hakungoja mhasibu, alikuwa na moyo tu. Namuunga mkono Lenzi.

#4 Mzee wa Kibokoni
Kijana wa #3, umekosa tatu kwa tatu.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi, 1943. Mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, 1991, ulimpokonya mkono lakini haukumwua. Alivaa wa bandia akarudi kazini. Alikufa Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka majini karibu na Ngazija.

Ama moyo, alikuwa nao, lakini alikuwa na kampuni pia, Camerapix. Watu hukumbuka njaa ya Ethiopia ya 1984, alipokwenda na Michael Buerk wa BBC na ulimwengu ukaamka. Nyuma ya pazia palikuwa na ofisi, vitabu, majarida na wateja wa kila siku. Biashara ndiyo iliyoibeba ile habari kubwa. Hilo Lenzi hulisemi.

#5 SegereaMjini
Wakuu, na hiyo Camerapix ilianzia Dar es Salaam, 1963. Mkimaliza kumgombania marehemu mtukumbuke na sisi.

#6 KayoleYote
Haya. Lakini Nairobi tumebaki naye, si nyinyi wa Pwani.

#7 LenziYaTudor
Mzee, biashara sikuikataa. Ila mtazame Sebastião Salgado, yule Mbrazili aliyefariki Paris Mei 2025. Alisomea uchumi, akaajiriwa na shirika la kimataifa la kahawa kule London, na safari za kikazi za Afrika ndizo zilizomtia wazimu wa kamera. 1973 akaacha mshahara. Akapiga wachimba dhahabu wa Serra Pelada, 1986, maelfu ya watu wakipanda ngazi na magunia ya udongo mgongoni. Akapiga wakimbizi miaka, mpaka ya Rwanda yakamtia ugonjwa mwilini.

Kisha akarudi shamba la wazazi wake huko Aimorés, likiwa limebaki udongo mtupu. Yeye na mkewe wakaanzisha Instituto Terra, 1998, na miti iliyooteshwa pale yapita milioni 2. Huyo ndiye mtu wa kurudi ninayemsema.

#8 ChumviNyingi
"Yeye na mkewe." Mke ana jina, Lélia Wanick Salgado. Kamera ya kwanza aliyoishika bwana ilikuwa ya mkewe. Vitabu alivipanga mke, maonyesho aliyapanga mke, ofisi aliiendesha mke, huku bwana yuko safarini miezi. Sasa niambieni, nani humu ana Lélia nyumbani?

#9 MpambeWaBondeni
Swali zuri, umeliuliza upande mmoja tu. Nani humu yuko tayari kuwa Lélia wa mkewe? Wangu akinishikia stendi ya taa robo saa, yuasema ameniokoa.

#10 ChumviNyingi
Uzi uendelee bila mimi.

#11 BintiWaMikindani
Nawasoma tangu asubuhi. Pesa, uvivu, wake. Wa upande wa pili wa lenzi hamjamtaja, nami ndiko ninakotoka.

Shangazi yangu huuza mahamri na mbaazi mlangoni kwake. Mwaka mmoja wa mvua kubwa alikuja mpiga picha, kijana wa hapahapa, mwenye adabu, alibisha hodi na kungoja. Akampiga shangazi kwenye kigoda, karai pembeni, chupa ya chai ya buluu mapajani, macho yametazama maji yaliyosimama mbele ya baraza. Picha nzuri, siwezi kusema uongo. Ila kilichokuwa kikimsumbua siku ile ni mteja mmoja aliyekula wiki nzima bila kulipa. Alikuwa akimvizia apite.

Baadaye ile picha ikatokea kwenye ripoti ya shirika, na mtu akaitia kwenye grupu ya mtaa. Chini imeandikwa: mama aliyepoteza kila kitu kwa mafuriko. Kila kitu! Na karai laonekana palepale limejaa mahamri. Shangazi alicheka kwanza. Kisha wateja wakaanza kumwachia chenji, wengine wakimtazama kwa huruma, na hapo ndipo alipokasirika. Aliniambia, "Mimi nadai, sidaiwi. Nani amewaambia mimi wa kupewa?"

Kwa hivyo Lenzi, wapiga picha hawapotei, wafukuzwa. Akija mwingine mtaani kwetu aulizwa jambo moja: utaandika nini chini? Hana jibu, kwa sababu maelezo yaandikwa na mtu wa ofisini ambaye hajawahi kushuka matatu Mikindani.

#12 LenziYaTudor
Pole kwa shangazi. Huyo kijana hakurudi?

#13 BintiWaMikindani
Alirudi. Kupiga nyingine. Ya kumpa mwenyewe hakuleta.

#14 Kifungu31
Naomba niingie hapo, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Wengi humu hudhani aliyebonyeza ndiye mwenye picha. Ndiye, akijipigia kwa hiari yake. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, haki yahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake, ukitumwa na hukuandikiana chochote, umeshauza. Kijana wa #11 huenda hata akitaka kuyabadilisha yale maelezo hana kauli.

Watu wa kazi hii hamlioni hili mpaka nywele ziwe nyeupe. Picha yalindwa miaka 50. Mtu aliyepiga hori ya Tudor miaka ishirini, faili zake ndizo pensheni yake: vitabu, makumbusho, shule, kesi za ardhi, wote watamtafuta. Sasa kama kila safari alitia sahihi karatasi ya kurasa mbili juu ya tangi la bodaboda bila kuisoma, atazeeka na nini? Mimi nasema wanahama kwa sababu hii, hata kama wenyewe hawajui. Hawajengi chochote.

Na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Uandishi wa habari na sanaa vimeachiwa nafasi, lakini sura ya mtoto kwenye bango la kuchangisha pesa bila idhini ya mzazi, hapo msinipigie simu usiku.

#15 UstadhMpole
Assalaam alaykum. Mumetaja yote ila dini. Wazee wetu wengi hawapendi sura kutundikwa. Nenda Mji wa Kale, elekeza kamera barazani, uone mtandio unavyopanda. Kazi ya kupiga watu miaka na miaka haitashika mahali ambapo picha yenyewe ina shaka.

#16 Mzee wa Kibokoni
Wa alaykum salaam. Ustadh, kwa heshima, sikubali. Pwani hii imepigwa picha zamani, na wapigaji ni wa humuhumu. Lamu alikuwako Omar Said Bakor na studio yake, akikata na kubandika picha mpaka zikawa mapambo. Hapa Mombasa Parekh Studio ilipiga vizazi, maharusi, wanafunzi, mabaharia. Miaka ya 1990 Likoni penye feri palijaa vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa. Mtu wa bara aliyekuja kutafuta kazi alisimama pale na suti ya kuazima, picha ikaenda kwao ikasema mambo ni mazuri.

Hawakuogopa kamera. Mtu alikwenda kwa miguu yake, akavaa alivyotaka, akalipa, akaondoka na picha mkononi.

#17 UstadhMpole
Umenijibu nusu, mzee wangu. Studio haikumpiga mtu akiwa jaani.

#18 MbebaMkoba
Niwape upande ambao hamjaugusa. Mimi ni fiksa. Mpiga picha wa Ulaya au wa Marekani akija kupiga "Pwani na tabianchi", mimi ndiye ninayempeleka, ninayetafsiri, ninayetafuta mtumbwi, ninayeongea na mzee wa mtaa. Nilianza nikiwa mpiga picha. Siku moja ya kubeba mkoba wake yanilipa kuliko picha zangu mwezi mzima, na hilo ndilo lililonimaliza mimi. Sisemi la wengine.

Tena waja na orodha mkononi. Nimeiona zaidi ya mara moja: mvuvi mzee, mikono karibu, nyavu tupu, machweo. Ukimwambia samaki leo wamepatikana, changu na tafi wamejaa kapuni, anasema vizuri, kisha aomba kapu lisogezwe. Halafu ataka droni. Namweleza droni yahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Mtongwe pale wako wanamaji wa jeshi, usirushe. Wengine hunielewa baada ya kuona askari.

Hadithi ya hapa imeshaandikwa kabla ndege haijatua. Wa hapa atalipwa kuionyesha njia, si kuisema.

#19 LenziYaTudor
MbebaMkoba, na ulivisogeza vikapu?

#20 MbebaMkoba
Nina watoto watatu shuleni.

#21 NahodhaWaHori
Mimi si mpiga picha, mimi nina mtumbwi na kitalu cha miche ya mikoko. Hao wote mnaowasema nimewavusha.

Nitawaambia nilichokiona. Shirika laja kupanda mikoko, watu wamevaa tisheti mpya. Wataka picha watu wameinama na mche mkononi, maji yamekupwa lakini yang'ae kidogo nyuma. Basi miche yatiwa penye nafasi nzuri ya picha, matopeni mbele kabisa, na yote ni ile aina moja tu iitwayo mkoko, kwa sababu mbegu yake ni ndefu, wachomeka tu imesimama. Sasa pale mbele ni pa mlilana, aina nyingine. Mkoko hukaa nyuma yake, na mkandaa nyuma zaidi huko ambako maji hayafiki kila siku. Ikipiga bamvua, maji makuu yale, mawimbi na mifuko ya plastiki yaburura miche yote. Mwaka wa pili waja wengine, tisheti rangi nyingine, wapanda palepale.

Nilimwambia mpiga picha mmoja, si upige na hii miche iliyolala? Akasema aliyemtuma hakuagiza hiyo.

Halafu nendeni Gazi, Kwale. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji, wauza hewa ukaa tangu 2013, yaani walipwa kwa ile ambayo mikoko yao huifyonza, msitu wa hekta 117, pesa zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Mkifika mtakuta nini? Watu wazima wanapima unene wa shina kwa utepe, mmoja anaita nambari, mwingine anaandika daftarini. Basi. Kazi iliyofaulu haina picha, ndiyo maana hamuipigi.

#22 LenziYaTudor
Hiyo ya daftarini ndiyo naitaka. Umenipa makala nzima.

#23 NahodhaWaHori
Karibu. Nusu ya nauli kabla ya kupanda, nimejifunza kwa MpambeWaBondeni.

#24 KayoleYote
Tuseme ukweli jamani, hizi picha hubadilisha nini? Owino Uhuru, huko kwenu Mombasa, palipigwa picha mpaka basi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kikawatilia watu sumu ya madini ya risasi mwilini, mahakama ikawapa shilingi bilioni 1.3, rufaa ikafuta. Picha ziko wapi hapo?

#25 JiraniWaChangamwe
Habari umeikatiza katikati. Uamuzi wa bilioni 1.3 ulitolewa 2020 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hapahapa Mombasa. Mahakama ya Rufaa ikautengua 2023, kweli. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Uisome yote.

Ila swali lako si baya. Kilichosimama kortini ni vipimo vya damu na udongo, na ukaidi wa Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hichohicho mpaka mwanawe akapimwa akakutwa na risasi mwilini. 2015 akapewa Tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira. Majaji hawakuhitaji picha.

Tatizo la risasi ni kwamba haionekani. Nimewaona wapiga picha wakizunguka mtaani wakitafuta kidonda. Hakuna kidonda. Kuna ukuta wa kiwanda, bati lililoliwa na moshi, mtoto amekaa kitako anacheza na kifuniko cha chupa. Walipiga mabati wakaondoka. Mambo yaliyoumiza watu kweli yalikuwa kwenye karatasi za maabara, ndani ya bahasha, chini ya godoro. Hakuna aliyeomba kuzipiga hizo.

Lakini pia kesi ilikwenda miaka. Bila sura za watu kutazamwa huko mbali, nani angeendelea kuchangia? Mimi hapo sijakata shauri.

#26 Mzee wa Kibokoni
JiraniWaChangamwe kanikumbusha Minamata, Japani. Kule ilikuwa zebaki ya kiwanda ikiingia baharini, watu wakala samaki. W. Eugene Smith, Mmarekani, alihamia huko 1971 na mkewe Aileen, wakaishi na watu wale kama miaka mitatu. 1972 alipigwa vibaya na watu wa kampuni. Picha yao iliyojulikana kuliko zote ni ya mama akimwogesha bintiye aliyezaliwa na sumu mwilini. Iliipeleka Minamata dunia nzima. Lenzi atafurahi, hao walikaa.

#27 LenziYaTudor
Nimefurahi. Ndilo nililosema tangu #1.

#28 BintiWaMikindani
Mzee, malizia basi. Baada ya miaka, binti ameshakufa, wazazi wakachoka kuiona ile picha kila mahali, wakaomba ipumzike. Aileen ndiye mwenye haki yake, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akakubali isitolewe tena.

Kwa hivyo kukaa miaka mitatu hakukumaliza neno. Ila wazazi wale walipochoka, palikuwa na mtu wa kumwendea. Shangazi yangu amwendee nani? Kijana hana kauli, amesema Kifungu31. Shirika, aliyeandika yale maelezo ameshahamia kazi nyingine.

#29 Kifungu31
Aandike barua. Nitamsaidia, bure.

#30 ChumviNyingi
Wakili kasema bure. Piga hiyo skrini picha haraka.

#31 KameraMtumba
Samahani, nje kidogo ya mada. Nyote mumesahau kuvu. Hewa hii ya bahari, kamera yakaa mkobani wiki mbili, siku ukiifungua nyuzi nyeupe zimetambaa kioo cha ndani na lenzi imekwisha. Mtu wa harusi atanunua nyingine Ijumaa. Wa mikoko ndiyo safari imekatika. Mchele hausaidii, waacha unga tu. Tafuta sanduku la plastiki lenye mpira mdomoni, tia vipakiti vya silika, na uitoe kamera nje mara kwa mara ipate hewa na mwanga. Matopeni usibadilishe lenzi hata akipita nyangumi.

Ninayo ya milimita 35, safi, haina kuvu. Bei maelewano.

#32 Msimamizi
Biashara ziende jukwaa la Soko.

(Ni ya kamera gani?)

#33 SegereaMjini
Wakuu, mbona mnalia tu? Mnaikumbuka Flipflopi, ile dau ya plastiki ya Lamu? Taka za ufukweni zilezile, tani kama 10, wakaivika kandambili elfu 30 za rangi zote, 2019 ikapiga tanga mpaka Zanzibar. Kila mwenye kamera alikimbilia gati. Taka zilipigwa picha na hakuna aliyedhalilishwa. Labda tatizo lenu ni kupenda huzuni.

#34 NahodhaWaHori
Ilipigwa kwa sababu ina rangi. Mafundi wa vyombo wa Lamu walioikaza ubao kwa ubao wa plastiki, wakijifunza upya jinsi ya kuupinda na kupiga msumari, picha zao ni chache. Tanga lilipigwa, randa haikupigwa. Ni yaleyale ya daftari.

#35 MbebaMkoba
Na SegereaMjini, huzuni hatuipendi sisi. Yaagizwa.

#36 LenziYaTudor
Uzi umeenda mbali kuliko nilivyotarajia. Uvivu bado sijauondoa, ila naona una ndugu wengi.

Nina wazo. Picha zangu za hori nataka nizichape kubwa nizitundike Mikindani kwenyewe, barazani, kabla hazijaonekana Nairobi wala popote. Waliomo wazitazame kwanza. Isiyompendeza mwenye sura yashuka palepale.

#37 MpambeWaBondeni
Mashine yangu ya kuchapia albamu za harusi ipo. Karatasi na wino juu yako. Na kabla.

#38 UstadhMpole
Isiwe baraza inayotazama msikiti, nakuomba.

#39 KayoleYote
Na ukishashusha zote zisizowapendeza utabaki na nini? Maji na mikoko? Hapo si makala tena, ni kalenda.

#40 JiraniWaChangamwe
Kayole ana hoja, kwa mara ya kwanza. Kuna picha ambayo tajiri wa kiwanda pia hataipenda sura yake. Nayo yashuka?

#41 LenziYaTudor
Ya tajiri haishuki.

#42 JiraniWaChangamwe
Basi andika sheria yako vizuri, maana hapo umeshakuwa na mbili.

#43 BintiWaMikindani
Mimi nataka kujua moja tu. Maelezo chini ya picha yaandikwa na nani?

#44 LenziYaTudor
Na mwenye sura. Kwa mkono wake, kwa maneno yake.

#45 ChumviNyingi
Shangazi akiandika "fulani, nilipe mahamri yangu"?

#46 BintiWaMikindani
Ataandika hivyohivyo. Na jina la fulani atalitia lote, na la baba yake.

#47 Kifungu31
Jina la mdeni ni data yake. Sheria ya 2019. Naomba nisiitwe shahidi.